Mapipa ya Kostiki

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kiwandani, kama bado kuna kiwanda. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa.

Umeniuliza kwa nini serikali imepiga marufuku kostiki ya kutengenezea sabuni kutoka nchi jirani, wakati sabuni haijawahi kumuua mtu. Kama ujuavyo sasa, nilikuwemo kwenye kamati iliyopitisha marufuku hiyo, nikiandika kumbukumbu za kikao. Mchumi alionya kwamba viwanda vidogo kama chako vitafungwa. Kanali akamjibu kwamba hela tunazowapa jirani kwa kostiki ndizo wanazonunulia risasi za kutuelekezea mpakani. Mimi niliona kanali ana hoja, na bado naona hivyo. Tukaapishwa tusitoe siri mpaka tangazo litoke.

Ndiyo maana uliponipigia simu kuniuliza kama uuze mapipa yako, kwa kuwa kuna mzee mwenye maneno matamu ameongeza bei kidogo, nilikujibu kwamba mambo ya biashara unayajua mwenyewe. Ukanicheka, ukasema kazi ya serikali imenifanya bubu. Ukauza yote ukitegemea kuagiza mengine. Tangazo likatoka, na sasa mzee yule anawauzia wenzako kwa bei ya kuwatoa machozi. Nasikia akina mama waliokuwa wakikukatia sabuni umewarudisha nyumbani. Mama anasema unajivunia kwamba angalau mdogo wako alitunza kiapo.

Sikukitunza, Dada. Mzee yule ni baba wa mchumba wangu. Alikuwa akiniona karani asiye na mbele wala nyuma, na siku moja sebuleni kwake nilitaka anione mtu, nikamwaga kila kitu. Akauliza nani ana kostiki nyingi. Nikakutaja wewe, tena kwa majigambo. Uliponipigia simu nilijua mnunuzi ni yeye, nikanyamaza ili asininyime binti. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Jana nilijisalimisha kwa mkuu wangu, nikiwa tayari kwa jela. Alifunga mlango, akacheka, akaniambia nikatulie, maana hata yeye aliwadokeza wakwe zake. Kwa hiyo serikali haina neno nami. Umebaki wewe.

Uchumba sijauvunja, na hilo nalo ulijue.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama usimfiche, msomee yote.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu