Jibu la Aida na Simu Iliyogeuka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeamka, simu si yangu. Ni ile ile, na ufa wake pembeni — lakini sura nyingine kabisa! Ilikuwa ikinisumbua na kitangazo chake, sasisha, sasisha. Jana nikakibonyeza ili kinitoke machoni. Usiku ikajifanyia mambo yake. Alama zote zimekuwa duara, za chini zimehamia juu, saa imekuwa kubwa kama ya msikitini. Picha sizioni. Kalkuleta ndiyo ipo mbele, ambayo sijaigusa tangu niinunue.

Kache amekuja na leso za kupindwa. Yeye ni muuzaji kwenye duka la Biashara Street linalonipa kazi, na simu yake ni kama yangu. Nimemwonyesha, akacheka mpaka akakaa. Yake iligeuka zamani, na mpaka leo hajui tochi imekwenda wapi. Basi tuko wawili.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimegombana na simu mchana kutwa. Mtu akipiga, zamani nasukuma juu, basi, nimepokea. Sasa kuna kitu cha kutelezesha, sijui kulia, sijui kushoto, na chini yake maandishi ya kutafutia kwa miwani. Nimemkatia fundi wa cherehani. Halafu Aida. Nimemkatia mwanangu!

Nikampigia papo hapo. Imezimwa. Keshaingia wodini. Eldoret mbali, na kazi ya unesi haina saa. Atapiga tena.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo siandiki habari za simu. Leo nina habari!

Shemeji Mzamil amepita akitoka kazini Kilindini. Ndugu wa marehemu mume wangu, na ndiye walii wa Aida, msimamizi wa ndoa yake, tangu baba yake atangulie. Amekaa, amekunywa kahawa, ameuliza hali ya kila mtu mpaka nikachoka. Halafu ndiyo akasema. Kina Faraj wameleta posa. Wanamtaka Aida!

Faraj wa Bi Ummukulthum, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana wa adabu, ana duka lake la vifaa vya umeme, hajawahi kupita mlangoni pangu bila salamu. Nimefurahi, sitaficha. Aida atarudi Mombasa. Nitaisikia sauti yake dirishani, si kwenye hili dude.

Mzamil amempigia mbele yangu, kwa simu yake yeye. Amemuuliza vizuri, hakumsukuma. Aida akasema yuko wodini, atazungumza na mimi kwanza. Mzamil akatabasamu, akasema haya za wasichana hizo. Kina Faraj wataambiwa jibu Ijumaa ya wiki ijayo baada ya alasiri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aida kimya. Mesiji zake zilikuwa juu kabisa kila siku, hata sikuwa na haja ya kutafuta. Sasa ukurasa umegawanywa vyumba vyumba: zote, ambazo hazijasomwa, vipenzi, makundi. Nani amewatuma wanigawie watu wangu?

Na jana nimefanya nini, sijui. Nilitaka kumfungua Aida nimwandikie. Kidole kikateleza, jina lake likajiondokea ubavuni, likapotea. Nimetafuta kila chumba. Fundi yupo. Kache yupo. Mtu aliyeniuliza bei ya leso mwaka juzi yupo! Mwanangu hayupo. Nikasema akiandika atajitokeza mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba

Amepiga! Nimetelezesha kulia, polepole, kama navuka barabara. Ikakata.

Nikampigia. Inalia, haipokewi. Nikapiga tena. Labda amelala baada ya zamu.

Nataka kulia kwa hasira.

Jumanne, 14 Oktoba

Mzamil amekuja kuuliza, mwana amesemaje? Nimemwambia sijapata neno. Akasema, basi. Mwari akiulizwa akanyamaza, ndiyo radhi yake.

Ndivyo tulivyofundishwa, na yeye hakuzua. Mimi mwenyewe nilipoulizwa niliutazama mkeka, nikanyamaza, na moyoni nilikuwa radhi tele. Lakini Aida? Aida huyu aliyekuwa akibishana na mwalimu wa chuo cha Kurani mpaka mwalimu akafunga kitabu? Kumbe naye ana haya. Au hana. Sielewi.

Nikamwambia shemeji tungoje kidogo. Akanitazama.

"Shemegi, wewe wataka ama hutaki?"

Nikasema nataka. Ndiyo kweli, nataka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kutwa jikoni. Sambusa, mahamri, halwa imeagizwa. Kache aliomba ruhusa dukani aje anisaidie, na nyumba imejaa vicheko. Mpaka aliponiuliza jambo.

"Mama Aida, mbona kila nikikupigia wan'andikia huwezi kuzungumza?"

Nani amekuandikia? Mimi? Akanionyesha kwenye simu yake. Jina langu, namba yangu. Siwezi kuzungumza sasa. Maneno makavu, hata salamu hayana. Sikuyaandika mimi! Tumeichokonoa simu yangu mpaka tukaona: yale maandishi madogo chini, ukiyagusa wakati unatelezesha, simu inakata na inamjibu mtu kwa niaba yako. Jibu tayari limetungwa. Na halikwenda ukurasa wa mesiji zangu, limekwenda kule kwa ujumbe wa zamani, ambako sifungui ila benki wakituma.

Fundi ameandikiwa. Kache ameandikiwa. Aida ameandikiwa, Jumanne na Jumapili.

Mwanangu ameposwa, anampigia mama yake, mama anamwambia siwezi kuzungumza sasa!

Nimempigia, imezimwa. Nimemwandikia kule kule: Aida, si mimi, ni simu, nipigie. Nimempigia Mzamil pia, nikamwambia tuahirishe, huenda mtoto ana neno ambalo halijafika. Akacheka. Angekuwa hataki, angempigia yeye ami yake apige kelele. Na watu wameshaalikwa, na yeye ameshawapa kina Faraj ishara njema msikitini. Sitaki kuaibika, shemegi.

Nami sikukaza. Nilikuwa nanusa halwa, nikasema moyoni mwangu, ameridhika, ameridhika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika nimejifungia chumbani. Ghorofani kumejaa wanawake, chini ukumbini wanaume. Wanamngoja mzee wa kina Faraj, bado hajatoka msikitini. Akifika tu, Mzamil atatoa jibu na watasoma Fatiha. Wakishasoma Fatiha, posa imepokewa. Kuirudisha nyuma ni kuvunja nyumba mbili.

Ilikuwaje. Bi Ummukulthum ameniomba picha ya Aida, ile ya nguo za unesi, awaonyeshe mashangazi. Natafuta, sioni. Nikauvuta ule ukurasa wa mesiji chini kwa hasira, kama navuta pazia. Juu kabisa kukatokeza mstari ambao sijawahi kuuona: zilizohifadhiwa. Nikaubonyeza.

Aida yumo mle ndani. Peke yake! Mesiji zake zote za wiki nzima, ambazo hazikupiga hata kengele. Nimewaambia wageni naja na ubani.

Nimeisikiliza sauti yake, simu nimeibana sikioni. Naiandika hapa kwa mkono wangu, isije simu ikaimeza tena:

"Mama, asalaam aleikum. Ami ameniuliza, nikamwambia ntasema na wewe kwanza. Nakupigia wanikatia. Wan'andikia huwezi kuzungumza. Sijui nimekukosea n'ni. Basi nasema hapa, utasikiza ukipenda. Faraj simtaki. Si mtu mbaya, mama, lakini simtaki. Wewe wampenda, nayua. Ndiyo nikataka usikie kwangu kabla ya mtu mwengine. Na nikikosa kukupata, wasiseme nimenyamaa. Miye sikunyamaa."

Hiyo ya Jumapili. Baada ya hapo ameandika tu: Mama? Jana: Mama? Asubuhi hii hakuandika.

Nimelia kidogo. Kidogo tu, wanja usichuruzike.

Bi Ummukulthum anaita huko nje, picha i wapi? Nimemjibu simu inasumbua. Hilo si uongo.

Baadaye kidogo —

Nimemtuma Kache amwite Mzamil. Amepanda kwa ngazi ya jikoni, amekuja mpaka mlangoni pangu na kofia yake mpya, anacheka. Nimempa simu asikilize. Amesikiliza mpaka mwisho. Akairudisha sauti mwanzo, yeye hata hakukosea pa kubonyeza, akasikiliza tena. Cheko limemtoka usoni.

Akasema, shemegi, watu hawa nishawapa neno. Nikasema, neno si lako. Akasema, ningejua. Nikasema, sasa wajua.

Amekaa kwenye ngazi, katikati. Hapandi, hashuki. Namwona kwa upenyo wa mlango, ameweka mikono magotini, anatazama miguu yake. Na mimi sijui nimhurumie au nimpigie kelele. Faraj atanipita mlangoni kwa uso gani? Bi Ummukulthum tumechota maji kisima kimoja tangu utoto. Na nilitaka, jamani. Nilitaka sana.

Chini wametoa salamu kwa sauti moja. Mzee amefika. Wanawake hapa sebuleni wamesikia, mmoja amejaribu kigelegele, wengine wanamwambia bado, bado.

Nimefungua mlango nimemuuliza polepole: "Shemegi, utawaambia?"

Hakujibu. Nimeuliza tena. Amenyamaza, ameinamisha kichwa vile vile, kama mwari anayeulizwa. Sasa hii nayo niihesabu ni radhi? Amekubali kuwaambia, au amekubali Fatiha isomwe? Sijui, wallahi sijui.

Mtu anaita kutoka ukumbini, Mzamil yuko wapi, tuanze.

Natafuta buibui langu, nishuke mwenyewe.