Chausiku, Nafasi Moja Bado Iko Wazi Kwenye Sinia

Jumatano, tarehe mosi Oktoba 2008, siku ya Idi, ndipo mambo yetu yalipoharibika hapa Guangzhou. Leo umetimia mwaka, Mama Shifa, na tunakusimulia wewe, maana aliyepaswa kutusikiliza, kila siku ana wageni.

Asubuhi ile uliamka mzima. Ulikuwa umeshona vibendera kwa mabaki ya vitambaa ya mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle, satini hapa, jinzi pale, ukavifunga kwenye uzi kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nje nako Wachina wametundika bendera zao, sikukuu ya taifa lao imeangukia siku hiyohiyo. Yule mama mlinzi wa jengo alipanda kuchungulia, akakusifu kwa kuipenda nchi yake. Hukumsahihisha. Ulimpa kalimati kwenye kibakuli, ukatugeukia: "Mwacheni afurahi, kwani Idi ni ya kwetu peke yetu?"

Ndivyo ulivyokuwa, hukupenda makuu. Sikukuu kwako ilikuwa mkeka uliotoka nao Tanga, sinia moja, pilau iliyopikwa kwenye jiko la umeme, kachumbari, na taa za chupa za maji ulizotengeneza mwenyewe. Wapo waliokucheka, eti mke wa mfanyabiashara anaokota matambara. Haohao walikuja kula na wakaomba cha kubeba.

Mwaka ule mwenyekiti wetu wa jumuiya, Murshid, aliamuru Idi iliwe ukumbini, hotelini Xiaobei, kila familia ionekane mbele ya wakubwa aliowaalika. Ulimjibu kwa adabu, watu wakisikia: "Mwenyekiti, mimi wangu nawalisha nyumbani. Wewe ukichoka na viti njoo ukae chini, nafasi yako kwenye sinia nitaiacha." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Na paspoti zetu alikuwa nazo yeye. Alizikusanya za jumuiya nzima ziongezewe viza, ofisi zikafungwa kwa sikukuu, akazifungia kabatini kwake. Waliokwenda ukumbini aliwachukua kwa basi. Sisi tuliobaki alitupiga marufuku kukanyaga barabarani, polisi wanakagua, atakayekamatwa bila paspoti jumuiya haimjui. Hata swala ya Idi tuliswalia sebuleni.

Sinia liko chini, kifua kikakubana. Pumu yako tuliizoea, lakini ile ilikuwa nyingine. Nilimpigia Murshid simu. Nilisikia vijiko na kipaza sauti.

"Tahir, tulia hapohapo, asitoke mtu," alisema. "Natuma gari na paspoti zenu sasa hivi."

Tukatulia. Wewe huwezi kusema, unatuashiria kwa mkono tule, chakula kisipoe. Kaka yako Mbarak alipiga tena, akaambiwa mwenyekiti anahutubia. Baadaye simu ikazimwa kabisa.

Pilau ikapoa. Nikakubeba mgongoni, Mbarak akatangulia. Hospitali ni ile tuliyokuwa tunaiona dirishani, ng'ambo ya barabara. Polisi tuliwakuta. Mmoja alisimamisha magari ili tuvuke. Mapokezi hakuna aliyetaja paspoti. Halafu daktari alitoka, akamwambia Mbarak maneno machache ya Kichina, na Mbarak akageukia ukutani.

Murshid alikuja msibani na paspoti kwenye bahasha, akasema ni kazi ya Mungu. Hilo hatubishani naye. Lakini gari halikuwa la Mungu, lilikuwa lake.

Idi ya juzi tulitundika vibendera vyako. Shifa ameshona vingine, vimekwenda upande, ungecheka. Kwenye sinia tukaacha nafasi, Mbarak akaenda kumwita Murshid. Akarudi na jibu kwamba ana wageni, na kwamba ukumbini ametundika kitambaa kikubwa chenye jina lako, karamu ni kwa heshima yako. Karamu, wewe! Nilikwenda nikakishusha mwenyewe mbele ya wakubwa wake, wakiwa na mapaja ya kuku mikononi. Shifa amekikatakata. Idi Kubwa tutakuwa na vibendera vipya.

Na mwaliko wake hautakoma. Kila Idi tutamwita, mbele za watu, kwa jina. Akihamia Dar, mwaliko utamfuata Dar. Akiwa mzee hana jino utamkuta. Nafasi uliiahidi wewe, na sisi hatutampa mtu mwingine.

Hutoki mioyoni mwetu maisha yetu yote: mimi mumeo Tahir, mwanao Shifa, kaka yako Mbarak, na mama yako Bi Mwanakhamis huko Tanga, ambaye kila akipiga simu huuliza kama yule mtu amekuja kukaa.

Maneno ya daktari Mbarak alitueleza baada ya arobaini. Yalikuwa swali tu, na sisi tunalipeleka kwa mwenyewe, ajibu akiwa amekaa mkekani, Shifa akimtazama. Murshid, kwa nini tulichelewa kumleta?