Pampu Niliizima Mimi

Tabata, Jumapili

Fundi Rajabu,

Juzi nilikwenda Kiwalani kumpa mkeo pole. Akanimiminia chai, kisha akaniuliza mbele ya dada zako: "Elias, si ulikuwa naye? Eti mume wangu ndiye aliyeharibu kile kisima cha mafuta? Barua ya kampuni ndivyo inavyosema."

Nikasema sijui. Mie, niliyekuwa hatua mbili kutoka ulipokuwa, nikasema sijui.

Tangu wakuzike huko Uarabuni sijalala vizuri. Wamenipa nafasi yako. Tiketi ya kurudi iko mezani, ya Alhamisi. Majirani wananipongeza, mke wangu ameshanifulia nguo za kazi, nami nazunguka chumba hiki kama nimefungiwa kwa nje.

Unakumbuka ulivyonifundisha lile bomba jipya? Refu, halina maungio, limeviringishwa kwenye gurudumu kubwa kuliko nyumba yangu. Tulilishusha ndani ya kisima cha zamani, na kule chini likakata kona, likachimba kwa ulalo. Ukasema, "Msomi, hili halizunguki. Maji ya pampu ndiyo yanayofagia chenga za mwamba. Gurudumu likisimama, pampu isisimame. Andika hiyo." Nikaandika. "Andika na wali wa leo ulikuwa mbichi." Ukacheka peke yako.

Siku ile gurudumu lilisimamishwa kidogo, wapime mwelekeo. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Miaka yote kwenye mitambo ya zamani, bomba likisimama tunazima pampu, tunaunga jingine. Nikazima. Ulipogeuka, chenga zilikuwa zimeshalala juu ya bomba. Tulivuta siku tatu. Halikutoka.

Msimamizi alipouliza, ukanitangulia: "Nilimwambia mimi azime." Jioni ukaniambia, "Nyamaza. Mie nimebakiza mwaka nirudi kwetu nikacheze bao. Wewe wanao bado wananyonya."

Wiki mbili baadaye moyo wako ukasimama. Uongo ule ukabaki na jina lako, na wewe hupo kuubeba.

Leo nimefungua shajara yangu nipate ushahidi. Fundi, hata humo nilidanganya. Tarehe ipo, saa ipo, kina cha kisima kipo, na kwa mwandiko wangu mzuri: "Pampu imezimwa kwa amri ya Fundi." Nani angeisoma shajara yangu? Nilikuwa namficha nani?

Kwa hiyo sina karatasi ya kuonyesha. Nina mdomo tu.

Kesho asubuhi nakwenda Kiwalani. Nitawaomba dada zako wawepo, maana walinisikia nikisema sijui. Nikitoka huko nitaipelekea kampuni barua, na Alhamisi ndege itaruka bila mimi. Mke wangu bado sijamwambia. Hilo ndilo linalonitetemesha zaidi.

Ulinikataza kusema. Sikuwahi kukukatalia neno, Fundi. Hili nakukatalia.

Kwaheri, pumzika.

Elias