Ujumbe Wangu na Kazi ya Neema

Jumanne, 6 Mei
Sijamwambia mtu: ni mimi niliyefuta kazi ya Neema.

Jana, klabu ya kompyuta, kama kawaida. Mimi, Neema na Eliya tukiandaa kamusi yetu ya Kimeru. Kila ukihifadhi kazi kwenye Git, programu inayotunza historia ya kazi, unaacha ujumbe mfupi wa ulichofanya. Ujumbe wangu mmoja wa zamani unasema: "Sijui chochote, najifanya tu." Niliandika nikiwa na hasira. Ijumaa Madam, mwalimu wa klabu, atawaonyesha wazazi historia yote. Aibu! Nikaiandika upya bila ujumbe ule. Kuipandisha kwenye hazina ya pamoja, kule mtandaoni kazi zetu zote zinakokaa, ikakataa. Nikadhani ni kwa sababu ya nilichobadilisha. Nikailazimisha.

Kumbe asubuhi Neema alikuwa ameshapandisha yake. Majina ya ndizi, na sauti ya bibi yake akiyataja. Yote yamefunikwa na nakala yangu ya zamani. Na kompyuta za shule hujisafisha zikizimwa.

Jumatano, 7 Mei
Neema amegundua. Anasema mtandao umekula. Hakulia, na hiyo ni mbaya zaidi. Bado sijamwambia.

Alhamisi, 8 Mei
Nimewaambia Neema na Eliya ukweli. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi. Neema akageukia kompyuta yake.

Eliya ndiye aliyecheka. "Mimi nilishusha kila kitu Jumatatu mchana, nikarudi nyumbani Olmotonyi, bando likaisha kabla mabadiliko yako hayajanifikia. Ufukara wangu umewaokoa, dada zangu!"

Laptop ya kaka yake ina kila kitu. Pamoja na ujumbe wangu.

"Nikuondolee huo ujumbe?" akauliza.

Nikasema hapana. Usiguse. Rudisha kama ilivyo.

Ijumaa, 9 Mei
Ujumbe ukatokea ukutani, mkubwa. Mama aliusoma. Nilitaka kuyeyuka. Neema akaninong'oneza, neno lake la kwanza kwangu tangu jana: "Hata mimi najifanya, we mjinga."

Halafu sauti ya bibi yake ikasikika. Kina mama wakaanza kubishana kuhusu ndizi ipi ni ya mtori. Madam alishindwa kuwanyamazisha. Nashukuru. Nashukuru. Nashukuru.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani niliomba kwa ajili ya Eliya. Na bando lake.

Neema bado hajanisamehe kabisa. Ana haki. Lakini mchana amenitumia sauti mpya ya bibi yake, anataka niiweke mimi kwenye kamusi. Angeweza kumpa Eliya. Nimeisikiliza mara nyingi, taratibu, bila haraka.

Mvua imekatika. Mama hajaniuliza chochote kuhusu ule ujumbe, ila leo kaniwekea chai kabla ya wadogo zangu.

Nyayo kwenye korido. Zinakuja huku. Naficha daftari hili chini ya mt—