Neno Ulilonichagulia

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na wanangu wote hapo nyumbani. Natumai kikohozi cha wifi kimepungua na yule mdogo ameshaota meno yake ya mbele. Mimi mwili ni mzima. Michubuko ya goti imekauka na natembea bila kuchechemea. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu anayekaa mtaa wa pili. Lakini tukionana ana kwa ana nitalia au nitakutukana, na yote mawili yatakupa mwanya wa kugeuza mazungumzo. Kwa hilo wewe ni fundi.

Juzi nilimtembelea Sista, muuguzi niliyekuwa naye kwenye gari la wagonjwa siku ya ajali. Mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko na anakula kwa mkono wa kushoto, anajichafua, anacheka mwenyewe. Yule mama mwenye uchungu tuliyekuwa tunamkimbiza hospitali amejifungua salama, na mtoto wauguzi wamempachika jina la Breki. Nilicheka hadi nikaona aibu.

Iliyobaki mahututi ni kazi yangu. Unajua nimesimamishwa, na Ijumaa hii kamati ya hospitali itaamua kama nirudi kwenye usukani au waombe nifutiwe leseni. Nikifutiwa leseni, kaka, sina kingine ninachokijua duniani.

Nimekuwa nakumbuka ulivyoniandaa kwa usaili. Wewe ulikuwa tayari karani wa ofisi ya usafiri hapo hospitali, mimi bado nasambaza mikate kwa gari dogo la kampuni. Ulikuja kwa mama na daftari la mistari, ukasema dereva wa gari la wagonjwa akiulizwa habari ya mwendo asibaki anarudia ‘fast’, ‘fast’, kama kasuku. Ukanipa mifano ya humu humu ndani. Mikono ya mama ikimenya vitunguu ni ‘quick’. Maji ya mto uliojaa ni ‘swift’. Mapigo ya moyo wa mgonjwa mwenye homa ni ‘rapid’. ‘Prompt’ ni mtu anayeitika palepale, hangoji aitwe mara ya pili. Na ‘hasty’ ni mjomba, aliyechumbia Jumatatu, akaoa Ijumaa, Jumapili akaja kwetu kulia. Mama alikufukuza na mwiko kwa huo mfano.

Halafu ukakunja uso. ‘Reckless’, ukaniambia, nisije nikaitamka mbele ya wakubwa hata kwa utani, maana hiyo haisemi mtu alikwenda mbio, inasema hakujali nani atakufa. Ukaniandikisha mara ishirini, mstari kwa mstari, tofauti yake na ‘fast’. Kidole kiliniuma. Kazi nikaipata, na miaka sita sijamkwaruza hata kuku.

Kwa hiyo nilipopata ajali sikuhangaika kutafuta mtu. Kamati ilitaka maelezo kwa Kiingereza, nikakusimulia kwa Kiswahili nawe ukaandika. Nilikuambia nilikwenda upesi kama kazi inavyotaka, king’ora kinalia. Kwenye ule mteremko wenye mashine ya kusaga nikakanyaga breki, zikazama hadi chini bila kushika. Mbele watu walikuwa wanavuka, nikaligongesha gari ukutani makusudi ili nisiwafikie. Ukaitikia kwa kichwa, ukanionyesha pa kutia saini. Nikasaini bila kusoma, kwa kuwa ni wewe.

Jana mwenyekiti aliyasoma maelezo hayo kwa sauti. Breki hazikuwemo. Watu wanaovuka hawakuwemo. Ilikuwemo sentensi kwamba niliendesha ‘recklessly’ kwa kuwa nilitaka kuwahi kumaliza zamu. Kisha akainua karatasi nyingine, ile fomu niliyoijaza wiki tatu kabla kulalamikia breki hizo hizo. Chini yake kuna mwandiko wako: ‘promptly repaired’, yaani limetengenezwa palepale, pamoja na saini yako. Kaka, gari lile halikufika kwa fundi hata siku moja. Uliniambia fundi ana foleni, niendelee kuliendesha taratibu. Gari la wagonjwa, taratibu!

Nilitaka sana iwe umekosea. Lakini mtu aliyenitesa mara ishirini kwa neno lile hawezi kuliandika kwa bahati mbaya. Ulilichagua. Ulihitaji mtu wa kuwekwa mbele ya fomu yako, ukaniona mimi niko karibu.

Sasa nikiri langu. Mwenyekiti aliponiuliza kama hayo ni maneno yangu, nilijibu ndiyo. Niliwaona watoto wako akilini, nikaumeza ukweli. Nilitoka pale nimeamua kuubeba mzigo mimi, na wewe ungebaki na meza yako.

Jioni ukaja na machungwa matatu kwenye mfuko. Ukakaa kwenye kiti changu, ukanipa pole, ukasema uliyatafsiri maneno yangu kama nilivyoyatoa, ila kamati ile haiwapendi madereva wanawake. Ukanishika bega. Nilikutazama machoni nikingoja. Ungeniambia tu kwamba uliogopa, ningenyamaza hadi naingia kaburini. Ukaomba maji ya kunywa, ukayasifia mapazia yangu mapya, ukaaga. Yale ya kwenye karatasi ningekusamehe. Hayo ya kwenye kiti changu yameniumiza kuliko ajali.

Leo asubuhi nimerudi kwa mwenyekiti. Nimemwambia jana nilidanganya, na nimeandika maelezo mapya kwa mkono wangu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, mistari imefutwafutwa. Nimemtaja aliyeandika yale ya kwanza. Nimesema gari lilikuwa wapi siku ambayo fomu yako inasema limetengenezwa, na fundi ameitwa aje kuthibitisha. Sista naye atakuja na mkono wake.

Wewe utaitwa Alhamisi, saa nne. Barua ya wito ilikuwa itoke leo. Nimemwomba mwenyekiti aicheleweshe hadi kesho ili hii yangu itangulie. Nilitaka ulisikie kutoka kwa ndugu yako, nyumbani kwako, umekaa. Mimi langu nililisikia nimesimama mbele ya watu saba nisiowajua.

Mama sijamwambia. Hilo nakuachia wewe uliye mkubwa.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi anawapenda kama zamani, hakuna kilichobadilika kwao. Tafadhali usije kwangu kabla ya Alhamisi.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva