Njia Inayopita kwenye Mlango wa Bluu

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute hapo zahanati, mikono ikinukia spiriti kama kawaida yako. Goti la mama linaendeleaje? Mimi ni mzima. Usingizi umeanza kurudi, na chakula sikikimbii tena.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza, kwa ule ukali wako, kwa nini gari la chanjo bado linafika kwenu barafu imeshakuwa maji na kina mama wameshabeba watoto wao wakarudi makwao, ilhali tuliwaahidi kwamba mashine mpya ya kupanga safari itayamaliza hayo. Una haki ya kuuliza. Jibu ninalo, ila niache nilifikie taratibu.

Kazi waliyonipa hapa bohari ya dawa baada ya msiba nimeizoea. Zamani magari yaliondoka nusu tupu, kila dereva na njia yake. Sasa kompyuta inatazama dawa mnazotumia, inajua zahanati gani itaishiwa kabla haijaomba, na mizigo ya upande mmoja inaiweka kwenye gari moja. Huko milimani siku hizi wanatusifu. Njia yenu tu ndiyo ilikuwa imegoma.

Wiki iliyopita dereva wenu, yule tunayemwita Mzee wa Gia, aliingia ofisini akinung'unika kwamba mashine inamtoa barabara kuu, inamzungusha vichochoroni, kisha inamrudisha foleni ikiwa imeshakaza. Akasema mashine hiyo lazima ina mchumba mtaa ule. Tulicheka sote. Fundi wa kompyuta akajitetea kwamba mashine haibuni kitu. Imefundishwa kwa safari za zamani zilizohifadhiwa na kifaa kilichomo garini, na kama dereva aliyetangulia alipita hapo kila mara, yenyewe inaamini ndiyo njia. Akafungua ramani tuone. Mstari ukaacha lami, ukapita mashine ya kusaga, ukakata kushoto, ukasimama mahali ambapo ramani haionyeshi chochote. Mimi niliona mlango wetu wa bluu. Kicheko kikanikauka.

Wifi, kaka yako alipokuwa hai akiliendesha gari hilo, ulizoea kumgombeza kwa kuchelewa, ukampa na jina la Kobe, naye akasingizia foleni. Hakukwambia ukweli kwa sababu nilimwomba asimwambie mtu. Mimba yetu ilipoharibika, nilishindwa kutoka kitandani. Basi kila safari ya kuja kwenu alipita nyumbani, akapiga honi mara mbili, akangoja. Alisema gari haling'oki mpaka auone mkono wangu dirishani. Siku nyingine niliinuka kwa hasira tu, nikiona aibu kwa majirani. Lakini niliinuka. Najua kina mama wenu ndio waliongojeshwa na pendo lile, na kwa niaba yake nawaomba radhi.

Fundi aliuliza pale kuna nini. Nikamjibu kwamba mchana hakuna mtu, mwenye nyumba yuko kazini. Nikaomba niufute mstari mwenyewe. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka Mzee wa Gia akaacha utani, akavua kofia. Nadhani alikuwa ameelewa. Nikabonyeza. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikachora njia iliyonyooka mpaka kwenu.

Jana Mzee wa Gia amepiga simu akiwa hapo kwenu. Anasema barafu ilikuwa ngumu kama jiwe, benchi limejaa kina mama, na wewe umempokea kwa kumuuliza kama amekosea siku. Nimecheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Leo asubuhi hakuna aliyenipigia honi. Nimeinuka, nikafungua dirisha, nikaondoka.

Nisalimie mama, umwambie mwisho wa mwezi nakuja, na nitapanda gari la chanjo maana ndilo linalowahi. Na wewe usimwite tena kaka yako Kobe. Au mwite tu. Jina lile alilipenda.

Ni mimi akupendaye,
Wifi yako