Ng'ombe wa Mbali Si Mdogo

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia barua hii kwa sababu mbili: kukuomba radhi kwa jibu nililokupa mlangoni mwa zizi, na kukujulisha kwamba nimepata kazi. Ningependa kuanza na kazi, maana ndiyo habari njema, lakini bila lile jibu kazi yenyewe haielezeki.

Ilikuwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni. Nilikuwa nimejifunza kuchora kwa kalamu ya wino ili kilicho mbali kionekane mbali: unapiga mstari wa upeo wa macho, unaweka nukta moja juu yake, na kila kitu hupungua kadiri kinavyoisogelea ile nukta. Niliwachora ng'ombe wako wakirudi kutoka malishoni, nikakuletea karatasi kwa mikono miwili. Uliitazama kwa muda mrefu, ukauliza, "Neema, hawa wa nyuma mbona wamedumaa?"

Nikacheka. Nikasema, "Baba, hiyo ndiyo kanuni. Wa mbali lazima awe mdogo."

Ukanirudishia karatasi taratibu. "Ng'ombe wangu wa mbali si mdogo. Yuko mbali."

Kisha ukaendelea kuwatazama wakiingia, nami nikaingia ndani nikijiona mshindi. Mshindi, Baba! Nilirudi chuoni bila kuligusa tena jambo hilo. Muhula haukuisha, kaka Yohana akanipigia simu kwamba umetutoka.

Sasa nimehitimu shahada ya sanaa. Jina lako lilisomwa mbele ya umati, kwa kuwa ndilo jina langu la mwisho, na Mama akapiga vigelegele mpaka bwana mmoja aliyekaa mbele yake akaziba masikio. Baada ya hapo niliandika barua nyingi za kuomba kazi. Nyingi hazikujibiwa. Nilirudi hapa Mungaa na cheti changu ndani ya bahasha, nikawa napalilia alizeti pamoja na Mama, na watu wakipita barabarani wakiniuliza, "Msomi, umerudi likizo?" nilikuwa naitikia, "Ndiyo, likizo."

Ndipo mchapishaji mmoja mdogo wa Singida mjini alipotafuta mchoraji wa kitabu cha wafugaji kuhusu magonjwa ya mifugo. Jaribio lake lilikuwa hili: chora kundi la ng'ombe, mmoja tu kati yao awe mgonjwa. Picha ingepelekwa mnadani na wafugaji wangeulizwa mgonjwa ni yupi. Wakimtambua bila kudokezwa, kazi ni yako, wasipomtambua, basi. Sikuwahi kukitaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile.

Nilichora kwa siku tatu. Kila ubavu niliujaza mistari inayokatishana, kama nilivyofundishwa kuonyesha kivuli na mkwaruzo wa ngozi. Kabla ya kuipeleka nikamwonyesha kaka Yohana, ambaye ndiye anayewachunga ng'ombe siku hizi. Nikamwuliza, mgonjwa ni yupi?

"Wote."

"Kaka, acha utani."

"Utani gani? Hawa wa mbele nywele zimewasimama, wana homa. Wale wa nyuma wamedumaa. Msomi, hili si kundi. Hii ni wodi."

Neno lile, wamedumaa. Alilitamka kwa sauti yako kabisa, na hakujua. Nililazimika kugeuka upande.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Halafu akanishika mkono, akanipeleka kwa Chausiku, yule jike mweusi uliyempenda, akasema, "Funga macho. Papasa." Nikapapasa huku mkono wake ukiwa juu ya wangu. Nywele zililala kutoka begani kuelekea mkiani, zikateremka mbavuni hadi tumboni, laini na zenye joto. "Mzima nywele zake hulala, ndiyo maana anang'aa," Mama akasema. "Za mgonjwa husimama, kama zako ukishikwa na baridi." Mistari yangu yote ilikuwa imezikata nywele badala ya kuzifuata. Nilikuwa nimechora homa, tena kwa ustadi mkubwa.

Hilo nililirekebisha. Wakabaki wale wa nyuma.

Jioni ile nilikaa kwenye kigoda chako mlangoni mwa zizi. Sikukaa ili nitafakari, Baba. Miguu ilikuwa imechoka. Kaka Yohana akawa anawaleta ng'ombe, na mara nikaona. Kutoka pale kigodani macho yangu yalikuwa sawa na migongo yao. Wa karibu, mgongo wake uligusa upeo wa macho. Wa katikati vilevile. Na yule wa mwisho kabisa, kule kwenye vumbi, mgongo wake ulikuwa kwenye mstari uleule mmoja. Kwato zake tu ndizo zilizopanda juu kidogo. Hakuna aliyezama chini ya mwenzake. Walisimama wote, kila mmoja kwa kimo chake.

Siku ile ya likizo nilichora nikiwa nimesimama, nikiwatazama kutoka juu ya migongo yao. Wewe ulikuwa umekaa kigodani. Kanuni ilikuwa ya kweli, nawe ulikuwa mkweli. Aliyekosea mahali pa kuweka macho ni mimi. Nisamehe. Ningeliuliza tu, "Baba, wewe unawaonaje?" Ningeliuliza.

Nilichora upya kutoka kigodani.

Mnadani niliambiwa nikae kando na nisiseme neno. Wafugaji watatu wakaizunguka picha. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo kwapani, akaweka kidole bila kusita: "Huyu hapa, wa tatu. Mwenye huyu anangoja nini, afe?" Mfugaji wa pili akakubali. Wa tatu hakujali kabisa habari za mgonjwa. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akamwonyesha yule wa nyuma kabisa. "Na lile dume kule mwisho? Bonge la ng'ombe. Linauzwa?"

Nilikatazwa kusema, lakini nilisema. Nilimwambia haliuzwi, ni la Baba.

Kazi nimepewa, naanza Jumatatu. Kila ng'ombe nitakayemchora katika kitabu kile, wa mbele au wa nyuma, nitampapasa kwanza na kumpa kimo chake. Naahidi hilo kwako. Mama ni mzima. Kaka Yohana anakusalimu, na anasema jike jekundu limezaa mapacha. Pumzika kwa amani, Baba, nami nimetulia moyoni.

Kabla sijaondoka kwenda mjini nitakuja kaburini na picha, nikusomee na barua hii kwa sauti. Nisubiri Jumapili, saa kumi jioni.

Mwanao,
Neema